Elektroni Moja Moja Kwenye Stoo ya Ndengu

Tangu nirudishe funguo za maabara nimepata tabia mbaya ya kukaa nje ya nyumba yangu hapa Majimbo, Embu, nikingoja mtu apite nimsimulie habari za kazi. Majirani wameshanijua. Siku hizi wakiniona wanapita upande ule mwingine wa barabara. Basi nawaandikia nyinyi vijana mlioachiwa ile kazi, maana nyinyi hamna njia ya kunikwepa.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Niliingia nikiwa fundi wa maabara na nikatoka nikiwa fundi wa maabara. Kilichobadilika ni kiti tu: mwishoni nilipewa kile chenye magurudumu, nacho kilikuwa kinavuta upande mmoja. Ninachotaka kuwaambia ni habari ya mwaka ule tuliotafuta elektroni, tena si kwa mafungu, moja moja. Najua mtasema mzee ameanza. Ngojeni.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa Meru, kando kabisa ya barabara kuu. Siku yangu ya kwanza nilipokewa na mzee Kirimi, fundi niliyemkuta pale, mtu mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinipa chuma cha kulehemu, akanionyesha redio iliyokuwa imekufa, akasema, "Tengeneza." Nikahangaika nayo kutwa. Jioni akaniambia redio ile haiwezi kutengenezeka, alitaka tu kuona kama nitaipiga kofi. Sikuipiga, kwa hiyo tukaelewana. Mzee Kirimi hakuwahi kutupa kitu. Saa mbovu, kengele za mlango, waya za kila rangi, vile visahani vidogo vinavyolia pii pii ndani ya saa za mezani, vyote alivihifadhi kwenye mikebe ya kakao. Alipostaafu akaniachia mikebe hiyo kama urithi. Mke wangu aliniuliza kama urithi huo unaliwa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha Madam Kagendo aliporudi kutoka ng'ambo. Alikuwa mwalimu wetu wa fizikia, binti wa wakulima wa miraa wa kule juu Laare, na alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusomea shahada ya udaktari. Alirudi na sanduku moja na hana shahada. Ufadhili ulikwisha kabla jaribio lake halijakamilika. Profesa wake alimkubalia amalizie nyumbani, ila kwa sharti: alete matokeo ya kuaminika kabla likizo yake ya masomo haijaisha, yaani mwisho wa muhula wa tatu. Asipoleta, basi, miaka yote aliyokula baridi ya watu imeenda bure, na anarudi kushika chaki kama mtu ambaye hakwenda popote.

Alikuja kwangu na lile sanduku. "Mzee Ireri," akasema, ingawa wakati huo nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, "nataka unisaidie kuunda mashine. Kule nilikokuwa inajaza chumba. Hapa itabidi ikae mezani."

Ndani ya sanduku mlikuwa na vibati vitatu vyembamba, kila kimoja ndani ya kikasha chake, vimefungwa kama hirizi. Akaniambia kwamba juu ya kila kibati kuna punje za dhahabu. Nikatazama, sikuona kitu. Nikaleta darubini ya wanafunzi, sikuona kitu.

"Huwezi kuziona," akasema. "Hata hiyo darubini ni kipofu kwa vitu vidogo namna hii."

"Sasa tutajuaje kama ziko?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Akanieleza, nami nawaeleza nyinyi vilevile. Unachukua sindano kali kuliko sindano zote unazojua. Unaisogeza karibu na punje moja ya dhahabu, karibu mno, lakini isiguse. Hapo elektroni huanza kuvuka ile nafasi, ingawa hakuna daraja. Sasa, ile punje ni ndogo kiasi kwamba elektroni moja ikikaa pale, inaisukuma nyingine isiingie. Ukiongeza volti kidogo kidogo, unafika mahali ya pili inapata nguvu ya kuingia. Ukiongeza tena, ya tatu. Kwa hiyo ukichora mkondo wa umeme kwenye karatasi, haupandi kama mlima, unapanda kama ngazi.

"Nyumbani mnafuga mbuzi?" akaniuliza alipoona nimekunja uso.

"Mimi ni Mmbeere, Madam. Hilo nalo ni swali?"

"Mlango wa zizi ukiwa mwembamba, wanapitaje?"

"Mmoja mmoja, na kelele nyingi."

"Basi mimi natafuta huo mlango. Na hizo kelele."

Nawaambia ukweli, mwili ulinisisimka. Miaka yote nilikuwa nimelehemu waya na kusafisha vyombo vya wanafunzi nikijua kwamba umeme ni kama maji, unatiririka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza kukaa mlangoni ukaangalia tone moja likipita. Mwisho wa wiki nilipokwenda nyumbani nilimweleza mke wangu, akaniuliza nikishaliona hilo tone nitalifanya nini. Wala sikujali.

Tukaanza. Sindano tuliichonga kwa kostiki soda, ileile ya kina mama wanaotengeneza sabuni. Unatumbukiza ncha ya waya mgumu, unapitisha umeme kidogo, waya unalika pale katikati mpaka kipande cha chini kinadondoka, na kinachobaki juu kina ncha ambayo jicho haliwezi kuifuata. Nyingi tuliziharibu. Moja niliiharibu kwa kupiga chafya. Cha kuisogeza sindano kidogo kidogo tukakipata kwenye mikebe ya mzee Kirimi: kile kisahani cha pii pii. Ukikipa umeme hujikunja kwa kiasi kidogo ambacho hakuna skrubu inayoweza kukifikia. Madam Kagendo alipokiona alikishika kwa vidole viwili, akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu kule ng'ambo kitu cha kufanya kazi hiyo walikuwa wanakiagiza kwa barua za miezi.

Kuzuia mtikisiko tukatumia blada, ule mpira wa ndani ya tairi. Mnajua nyinyi wenyewe, hapa kwetu hakuna kitu kisichofungwa kwa blada: mzigo wa baiskeli, ndoo iliyopasuka, mlango wa choo. Nilikata mipira ya ndani ya tairi la lori nikaining'inizia mashine yote kama kitanda cha mtoto. Kipande kingine tukakitumia kushikilia waya wa sindano usiguse chuma. Mpira haupitishi umeme, si ndivyo tulivyofundishwa sote? Madam akaangalia, akatikisa kichwa kukubali.

Lakini barabara haikutuacha. Kila siku mchana gari za miraa zilishuka kutoka Laare zikikimbilia Nairobi, na zile gari hazijui breki ni nini. Kalamu ya mashine ya kuchora, ile iliyoandika mkondo wa umeme kwenye karatasi, ilikuwa inaruka kabla hata hatujaisikia ngurumo.

"Hao ni watu wa kwetu," Madam akasema siku moja huku akichana karatasi iliyoharibika. "Mmoja ni binamu yangu kabisa. Amenisomesha kwa hiyo miraa, na sasa anaharibu elektroni zangu."

Tukawa tunafanya kazi asubuhi, kabla miraa haijachumwa. Na asubuhi moja kalamu ikapanda, ikasimama. Ikapanda tena, ikasimama. Tulikuwa tumeinama pamoja juu ya karatasi. Ikapanda mara nyingine. Ngazi! Sikujua mikono niiweke wapi. Madam Kagendo aliniambia nisiguse meza, nisiguse chochote, halafu yeye mwenyewe akaipiga ile meza ngumi kwa furaha.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema aliyependa habari njema kuliko alivyopenda kuzithibitisha. Alipopita na kuikuta karatasi ile, aliibeba mpaka kwenye mkusanyiko wa asubuhi, akaiinua mbele ya wanafunzi, akasema chuo chetu kimeona elektroni, akamwomba kasisi afanye sala ya shukrani. Watu wakapiga makofi. Mpishi akaja kuniuliza kama hiyo elektroni itabaki hapa au itapelekwa Nairobi. Mkuu akasema atawaalika wageni kutoka wizarani waje kujionea.

Madam Kagendo hakupiga makofi. Alirudi maabara peke yake, nami nikamfuata.

"Kabla sijamwambia profesa," akasema, "lazima nifanye jambo moja. Naiondoa sindano. Nikiiweka mbali na dhahabu, hakuna elektroni inayoweza kuvuka. Kalamu inatakiwa ilale kabisa."

Akaizungusha skrubu ya kuinua sindano, sindano ikaenda mbali, unaweza kupitisha kidole katikati. Akawasha mashine. Kalamu ikapanda, ikasimama. Ikapanda, ikasimama.

Nilitamani asiwe ameijaribu. Nakwambieni nilimwangalia usoni nikaona rangi imemtoka. Akazima, akawasha. Ngazi zilezile, nzuri, safi, wala hazina haya. Hatukujua zinatoka wapi, tulijua tu hazitoki kwenye dhahabu.

Tukaibomoa mashine kipande kwa kipande. Tukabadilisha amplifaya ya kukuza mkondo, ngazi zipo. Tukabadilisha betri, zipo. Mwisho tukabaki na kile kipande cha blada kilichoshika waya. Madam akakipima peke yake, akaniita nije nione. Umeme ulikuwa unapita ndani yake, kidogo sana, lakini kwa kazi yetu huo ulikuwa mto. Mpira mweusi wa tairi, kumbe, weusi wake ni masizi, na masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha. Kila blada ilipojivuta kidogo, masizi yaliachana hapa yakashikana pale, na kalamu ikapanda kingazi.

"Kwa hiyo," nikasema, "tumepima tairi."

"Tumepima tairi," akasema. "Na tumeliombea sala."

Tukacheka. Halafu akaacha kucheka, akafunika uso kwa mikono, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Alikwenda kwa mkuu siku hiyohiyo. Nilikuwa naye, kwa sababu aliniomba niwe shahidi. Mkuu alisikiliza, akavua miwani, akaivaa tena.

"Madam," akasema kwa upole, "hiyo karatasi si iko? Ngazi si ziko? Mtumie profesa wako. Nani atapanda ndege aje Meru kuangalia mpira?"

"Hakuna, Bwana Mkuu."

"Sasa?"

"Sasa mimi nitakuwa daktari wa tairi."

Mkuu hakucheka. Alikuwa ameshawaambia watu wa wizara. Alisema basi, kama hakuna elektroni, hakuna sababu ya chumba kuendelea kushikwa, maana kilikuwa kinangojwa kwa ajili ya kompyuta za msaada. Na kweli, ndani ya wiki ile tukaambiwa tutoe vitu vyetu. Sikumchukia. Alikuwa ameaibika mbele ya watu, na mtu aliyeaibika hutafuta mlango wa kufunga. Lakini muhula wa tatu ulikuwa umeanza, vibati viwili kati ya vile vitatu tulikuwa tumeshaviharibu kwa unyevu na haraka, kilibaki kimoja, na hatukuwa na mahali pa kuweka meza.

Tulikaa kwenye ngazi za nje, mashine iko miguuni kwetu ndani ya boksi. Ilikuwa inanyesha ile mvua ya Meru isiyoisha, ile inayokuloanisha bila kukuambia. Madam akaitazama mvua.

"Hata hiki chumba kilikuwa kinatuponza," akasema. "Hewa hii ina maji. Kila kitu kinavaa kanzu ya maji, hata dhahabu. Nahitaji mahali pakavu. Kwenu kuko vipi, Mzee?"

"Kwetu Kiritiri? Ukilia, machozi yanakauka kabla hayajafika shavuni."

"Kuna umeme?"

"Hakuna."

Nilidhani hilo litamvunja moyo. Akanigeukia, macho yametoka. "Hakuna kabisa? Hakuna nguzo, hakuna waya, hakuna mtu anayewasha mashine ya kusaga karibu?"

"Ya kusaga iko sokoni, mbali. Nyumbani kuna mbuzi tu na Mama Wanja."

Nyaya za umeme, akanieleza, zilikuwa zinatupigia kelele ndani ya chumba mchana kutwa, kelele ambayo sikio halisikii ila kalamu inasikia. Miaka yote nilikuwa naona aibu kwamba kwetu umeme haujafika. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilijisikia kama tajiri.

Mama Wanja, mke wangu, hakuwa amepewa taarifa ya kutosha. Tulifika na boksi, betri mbili za gari na mashine ya kuchora, nikamwambia tunahitaji stoo yake, kwa sababu ilikuwa imejengwa kwa mawe juu ya mwamba, na mwamba hautikisiki. Ndani ya stoo mlikuwa na mavuno yake yote ya ndengu.

"Baba Wanja," akasema, "ndengu zangu ziende zilale wapi?"

"Chumbani."

"Chumbani kwa nani?"

"Kwetu."

Akamtazama Madam Kagendo, aliyekuwa amesimama amebeba kikasha chake kama mtu aliyebeba yai. Akamuuliza kwa Kiswahili, kwa heshima ya mgeni, "Mwanangu, hii kitu unatafuta ni ya maana?"

"Ni ya maana kwangu, Mama. Nisipoipata hapa, sitaipata tena."

"Basi saidia kubeba gunia."

Ndivyo tulivyolala na ndengu kitandani mwezi mzima, na hilo Mama Wanja hajaacha kulitaja mpaka leo.

Kuhusu kile kipande cha kushikilia waya, Madam alikumbuka kwamba wataalamu wa zamani walitumia nta. Kwetu nta si shida, ndugu zangu wote wana mizinga. Tukaiyeyusha, tukaichuja kwa kitambaa, tukaimwaga iwe kigingi kidogo cha manjano. Tukakipima kwanza, kwa sababu tulishapata adabu: kalamu ikalala. Blada tukaiweka chini kabisa, miguuni mwa mashine, mahali ambapo haiwezi kukutana na umeme hata ikitaka.

Msidhani ilikuwa rahisi. Jua likipanda, mabati ya stoo yalianza kulia, na chuma cha mashine kikatanuka mpaka sindano ikajigonga. Kwa hiyo tulianza kukipambazuka na kuacha jua likishika. Halafu kulikuwa na mbuzi. Kuna beberu alipenda kujikuna kwenye pembe ya stoo, na kila alipojikuna tulipata mchoro kama milima ya Nyambene. Tulimfunga. Mama Wanja naye alikubali kuacha kutwanga asubuhi, lakini hakukubali kuacha kuleta chai. Chai yake ilikuwa inafika kwenye karatasi kabla haijafika mezani. Nyayo zake tukazijua kwa sura: kalamu ilichora mlima mdogo, mlima mdogo, mlima mkubwa alipovuka kizingiti.

"Hata huyu kalamu ananichungulia," akasema.

Siku zilikwenda. Sindano zikaharibika, tukachonga nyingine. Mara nyingi tulikuta sehemu ya kibati isiyo na punje, kalamu ikapanda kama mlima wa kawaida, hakuna ngazi. Madam alianza kuongea kidogo na kula kidogo. Muhula ulikuwa unakaribia mwisho, na asubuhi moja aliniambia waziwazi kwamba anaogopa, kwamba usiku anajiuliza kama angechukua tu ile karatasi ya tairi akanyamaza. Nikamwambia nitachonga sindano nyingine.

Ile sindano ndiyo. Sijui ilikuwa na nini, niliichonga kama nilivyochonga zile nyingine. Kulikuwa shwari, hata upepo haukuwepo. Madam alipandisha volti polepole kwa mkono wake, kidole kimoja kwenye kitufe. Kalamu ikaenda moja kwa moja, imelala, imelala, mpaka nikadhani hakuna kitu. Kisha ikapanda. Ikasimama, ikatembea tambarare. Ikapanda tena kiasi kilekile, ikasimama. Hizi hazikuwa kama zile za tairi, zile zilikuwa nzuri mno. Hizi pembe zake zilikuwa za mviringo kidogo, zinatetemeka, zina uhai. Alirudisha volti chini, kalamu ikashuka kwa njia ileile iliyopandia. Akapandisha tena, ikapanda palepale. Elektroni zilikuwa mbele yangu, moja moja mlangoni kama mbuzi, kama alivyoniambia.

Madam alikuwa anaitazama ile skrubu.

"Mzee, izungushe wewe," akasema. "Ile mara ya kwanza niliizungusha mimi."

"Hapana, Madam. Shahada ni yako."

Akaizungusha, sindano ikajitenga na dhahabu. Akashika kitufe cha volti, akaanza kupandisha. Mimi nilifumba macho, sioni haya kusema. Nikasikia karatasi inatembea, inatembea, na kalamu hainyanyuki. Nikafumbua. Mstari ulikuwa umenyooka toka huku mpaka kule, umelala chini, haujali volti. Akapandisha mpaka mwisho wa kitufe. Hakuna kitu. Jamani, hakuna kitu kabisa.

Mama Wanja alikuwa amesimama mlangoni na birika, hakuthubutu kuvuka. Aliona mstari mtupu, akaona sisi tumeduwaa. "Imekufa?" akauliza taratibu.

"Haijafa, Mama," Madam akasema. "Imenyamaza. Ndivyo tulivyotaka inyamaze." Akairudisha sindano mahali pake, akapandisha volti, na ngazi zikarudi zilipokuwa. Akaonyesha kwa kidole. "Hii ni elektroni moja. Hapo ni ya pili."

Mama Wanja aliinama akaangalia kwa makini, birika mkononi. "Na ya tatu?"

"Ngoja."

Tukangoja sote watatu, na ya tatu ikaja.

Tuliirudia kazi ile mpaka jua likaliza mabati, na kesho yake tena, na tena, mpaka punje ile tukaijua kama mtu wa nyumbani. Kisha Madam akabeba michoro yote miwili, ule wa ngazi na ule wa mstari mtupu, tukaenda Embu mjini, akaituma kwa faksi. Siku aliyokubaliana na profesa kuzungumza kwa simu nilimsindikiza posta. Alivaa nguo ya kanisani. Aliingia kwenye kibanda cha simu akafunga mlango, nami nikabaki nje namwangalia kupitia kioo kilichochubuka.

Sikusikia kitu. Nilimwona anaongea haraka, akanyamaza, akaongea tena. Halafu akasikiliza kwa muda mrefu sana, kichwa kimeinama, na mimi nikaanza kufikiria nitamwambia nini njiani. Alipotoka alisimama mbele yangu, kifaa cha simu bado kinaning'inia nyuma yake.

"Aliniuliza kitu kimoja tu," akasema. "Ukiiondoa sindano unaona nini? Nikamwambia, sufuri. Akanyamaza, Mzee, nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, njoo utetee kazi yako."

Yeye alikuwa anacheka. Mimi ndiye niliyelia, mtu mzima, fundi, mbele ya posta ya Embu, nikalia kwa sauti, sikuweza kujizuia. Watu wakatupisha kwa heshima. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya simu akanishika bega, akaniambia, "Pole, Baba. Ni nani amekufa?"

"Hakuna, Mama," nikamwambia huku napangusa macho. "Huyu binti amefaulu."